Mpishi wa Shira ya Nanasi

Alizaliwa kijiji gani na kwa mama yupi, mimi sijui, na msinitazame hivyo. Nilifanya naye kazi jiko moja miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na sikuwahi kumuuliza. Hoteli nzima ilimwita Mpishi. Madam, mwenye hoteli, alimwita Mpishi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Wauza samaki walimwita Mpishi. Mkewe nyumbani, nimesikia kwa masikio yangu, naye alimwita Mpishi. Basi na mimi namwita hivyo.

Mnachotakiwa kujua ni hiki. Alikuwa Mwislamu wa mji wa kale wa Bagamoyo, mtu wa safu ya mbele msikitini, na alikuwa fundi wa kuoka hemu. Hemu ni paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi na kupitishwa moshi. Letu lilitoka Dar limefungwa nailoni, zito mpaka ulibebe kwa mikono miwili. Krismasi na Pasaka wageni walikuja na magari yao, wengine kutoka Ulaya kabisa, kula hemu ya Mpishi yenye shira ya nanasi. Yeye mwenyewe hakuionja hata siku moja. Aliyeonja ni mimi.

Mimi naitwa Veronika. Yeye aliniita Vero. Mimi ni mtoto wa Makurunge, baba yangu alitoka Songea akaja kulima huku, na kwetu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni chakula cha sikukuu, hatuna wasiwasi nacho. Niliajiriwa kuosha vyombo. Wiki ya kwanza tu Mpishi akaniita pembeni, akaniuliza dini yangu, nikamwambia Mkatoliki. Akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu kaniletea ulimi."

Kabla yangu alikuwa akioka kwa kubahatisha, akisoma nyuso za wageni. Baada yangu akawa anauliza. Nakata kipande chembamba pembeni, natafuna, yeye kasimama hatua kadhaa mbali, mikono nyuma, ananitazama mdomo.

"Chumvi?"

"Imezidi kidogo."

"Kidogo cha wapi? Cha kwenu Songea au cha watu?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akikutania, jua hapo anakuheshimu. Asiyemheshimu alimwambia "ndugu yangu" na kumpa kazi ya kumenya vitunguu.

Nguruwe hakumtaja kwa jina. Alisema "yule". "Yule kafika?" "Yule muweke chini kabisa ya friji, mbali na kuku." Kabla ya kumgusa alivua kofia yake ya kiua akaitundika kwenye msumari nje ya jiko, akavaa ile ya karatasi ya hotelini. Glavu alivaa mbili mbili. Akimaliza, anatoka hadi kwenye bomba la nyuma, na pale alikuwa na kopo la udongo safi aliouchekecha mwenyewe. Mikono, kisu, sinia, kila kilichomgusa yule kinaoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Ndiyo sheria yao kwa najisi ile, sabuni hata iwe nzuri vipi haichukui nafasi ya udongo.

Siku moja bwana afya alikuja kukagua jiko, akakuta kopo la udongo karibu na sinki, maana siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha na Mpishi alikuwa ameliingiza ndani. Bwana afya akalishika kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Udongo," Mpishi akasema.

"Wa nini jikoni?"

"Wa kusafishia."

Yule bwana akatucheka mpaka machozi, akaandika tutoe uchafu jikoni. Mpishi hakubishana. Alilirudisha kopo nje kwenye mvua, akalifunika kwa sahani, na jioni akaosha vyombo vyake pale pale bombani akilowa. Nilimwambia ataumwa kifua. Akanijibu kazi mbaya si mchezo mwema.

Sasa shira. Wenzangu wa bara wasiojua, shira ni sukari iliyochemshwa ikawa nzito, ile ya kumiminia kaimati, madonge madogo ya unga wa ngano yaliyokaangwa. Madam alimletea kitabu chenye picha ya hemu iliyopakwa asali na kitu gani sijui cha kwenye chupa. Mpishi akatazama picha, akakifunga kitabu. Akanunua mananasi ya Kiwangwa yaliyoiva mpaka yananukia, akayakuna, akayachuja, akachemsha ile juisi na sukari, karafuu na kipande cha tangawizi. Alipima kwa vidole, kidole gumba na cha shahada. Ikivuta uzi, anaepua na kukamulia ndimu. Hiyo aliionja, kwa sababu ilikuwa bado haijakutana na yule. Halafu analichuna lile paja ngozi, anayachanjachanja mafuta yake kwa kisu, kila makutano anachomeka karafuu, anapaka shira kwa brashi, anarudisha kwenye oveni, anatoa, anapaka tena. Jiko zima linanukia sikukuu ya Idi, na ndani ya oveni kalala nguruwe. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Yeye hakuona la kuchekesha.

Alikuwa mtu wa kujisikia, tusidanganyane. Hemu ikishapelekwa mezani alinituma. "Vero, kaangalie sahani zinarudije." Nikirudi nikamwambia zimelambwa, anageuka ukutani ili nisimwone anavyotabasamu, halafu namsikia anasema polepole "astaghfirullah". Anafurahi, anatubu, palepale. Zikirudi na mabaki, hasemi na mtu mpaka kesho yake.

Tena mtu yule yule hakunywa hata maji kwenye banda la jirani yake aliyekuwa akiuza kitimoto njia ya stendi. Nilimuuliza, sasa tofauti iko wapi, Mpishi? Akasema jirani anauza kwa raha, mimi naoka kwa shida. Nikamwambia mbona hukasiriki ukisifiwa. Akanipa vitunguu nimenye.

Na Jumapili akinikuta kazini asubuhi alinifokea. "Padri wako anakungoja, wewe unangoja nini hapa? Nenda, vyombo nitavisogeza." Mara ngapi amenitoa jikoni niende misa, mtu wa safu ya mbele msikitini.

Kwa nini aliifanya kazi ile? Alikuwa na mke mwenye sukari na binti mmoja anayesoma, Rukia. Watu wa hoteli nyingine walitafuta wapishi wa samaki, na wapishi wa samaki Bagamoyo wamejaa tele. Aliniambia aliwahi kuwauliza mashehe wawili. "Mmoja kaniambia acha. Mmoja kanyamaza. Nikamshika aliyenyamaza." Alilisema hilo bila kucheka.

Lakini hemu ilikuwa kazi yake tu. Fahari yake ilikuwa pilau. Mjini kwao hakukuwa na arusi wala hitima ambayo hakuitwa. Unajua mambo ya shughuli: mafiga makubwa nyuma ya nyumba, sufuria la kumtosha mtoto kuogelea, kuni za mkaratusi, na mwiko mrefu wa mti wa mwembe. Ule mwiko ulikuwa wake, aliurithi kwa fundi wake. Siku za shughuli aliomba ruhusa, Madam anampa, kesho yake anarudi macho mekundu kwa moshi na amechoka, na siku hiyo ndiyo utamsikia akiimba kaswida. Mtu wa pwani kukupa sufuria la shughuli yake maana yake amekukabidhi tumbo la ukoo mzima, wazee, mashehe, wakwe. Kama mkono wako una shaka, hupewi. Na watu walijua anafanya kazi hotelini. Walijua pia kuhusu yule, nadhani, ila kulijua jambo na kulisema ni vitu viwili, na alivyokuwa akiosha kwa udongo walijua pia.

"Arusi ya Rukia nitapika mwenyewe," alizoea kusema. Alisema hivyo Rukia akiwa anasoma sekondari, akasema alipokwenda chuo Dar. Alishapanga mpaka mchele. "Watu watakula, Vero, wataulizana huyu binti wa nani." Hapakuwa na kitu kingine nilichomsikia akikitamani. Hata safari ya kuhiji Makka alisema Mungu akipenda, lakini arusi ile alisema nitapika.

Basi ukaja mwaka Pasaka ilipoangukia ndani ya Ramadhani. Hoteli imejaa wageni wa Pasaka, na nusu ya wafanyakazi wamefunga. Mpishi naye kafunga, anasimama mbele ya oveni na joto lile la Machi, midomo imekauka, anapaka shira kwenye paja ambalo hata asingekuwa amefunga asingelila. Madam aliomba hemu iwe mezani Jumamosi jioni. Na jioni hiyo hiyo Mpishi alikuwa amewaahidi wenzake waliofunga futari ya kaimati.

Alichemsha shira sufuria moja. Akaigawa, kibakuli cha hemu huku, sufuria yenye iliyobaki ya kaimati kule. Ilikuwa hesabu nzuri. Lakini kibakuli kiliisha hemu ikiwa bado inadai mkono mmoja wa mwisho, na yeye alikuwa amesimama tangu alfajiri bila tone la maji. Akachovya brashi kwenye sufuria, akapaka, akafunga oveni. Halafu akamimina kaimati ndani ya ile sufuria, akazigeuza, akazipakua. Nilikuwa sebuleni kwa wageni, sikuona. Naye hakujiona.

Adhana ikalia. Wenzetu wamekaa mkekani nyuma ya jiko, wamefungua kwa tende na maji, mikono inaelekea kwenye kaimati. Mlinzi wetu alikuwa ameshatia moja mdomoni. Mpishi akatokea mlangoni na brashi mkononi.

"Msile," akasema.

Wakamtazama.

"Brashi ya yule nimeichovya humu. Msile. Nisameheni."

Mlinzi akatema, akakimbilia bombani kusukutua, na wengine wakasimama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Angeweza kusema zimeungua. Angeweza kusema kaingia nzi. Mimi ningesema nzi, nisiwafiche, ningesema nzi na ningelala usingizi mzuri. Yeye alichukua sinia, akaenda kufukia kaimati zote chini ya mchongoma, akarudi kuosha ile sufuria mara saba mbele ya macho yao ili waone inavyooshwa. Nilidhani wataona uaminifu. Wao waliona sufuria.

Neno lilifika mjini kabla ya Idi. Na lilifika na swali lake: kama leo katwambia, zile siku ambazo hakutwambia je?

Hakuna aliyemfuata kumwambia kitu. Hapo ndipo ninapowachukia watu wenye adabu. Wangemtukana angejibu. Badala yake shughuli ikifika wanasema, "Mpishi, tumekuonea huruma, moshi utakuumiza macho." "Mpishi, safari hii tumemwachia kijana ajifunze." Wanamwalika kula. Anakwenda, anakaa jamvini na kanzu yake safi, anakula pilau ya mtu mwingine, anasema imekaa vizuri. Kila Alhamisi aliuosha ule mwiko na kuuanika, nimeuona mwenyewe nilipokwenda kumtazama mkewe anaumwa. Umeegemezwa ukutani, mweupe kwa kuoshwa.

"Unaosha wa nini," nikamuuliza, "na hautumiki?"

"Siku wakija wasiukute na vumbi."

Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Msiba ule majirani walipika wao, walileta vyakula siku zote tatu, sinia juu ya sinia, na walimlilia marehemu kweli. Hitima ya arobaini alitaka kupika mwenyewe. Shemeji zake wakamwambia mfiwa hapiki. Ni kweli, mfiwa hapiki. Baada ya hapo aliacha kazi hotelini, akasema miguu inamuuma. Mimi nikarithi oveni, yule, na brashi, na mgongo unaoniuma mpaka leo. Shira yangu haivuti uzi kama yake. Wageni hawajui.

Mwaka jana Rukia alipata mchumba. Kijana wa Pangani, watu wa dini sana, wa ukoo wa kale, baba mtu kavaa kanzu na koti hata kwenye jua. Mahari ilishakubaliwa. Rukia akanifuata hotelini, akaniamkia, nikaitika marahaba, akakaa kwenye gunia la viazi na gauni lake la Dar.

"Mama Vero, baba anakusikiliza wewe."

"Hanisikilizi. Hajawahi."

"Mwambie asipike." Alikuwa anang'oa nyuzi za gunia. "Wakwe hawajui. Wakila halafu wakaja kujua, mimi ndiye nitakayeishi nao. Sitaki wanitazame mikono kila nikiingia jikoni kwao."

Nilitaka kumwambia ada yako ya shule ilitoka ndani ya oveni hii. Lakini nilimtazama, nikaona hana ubaya, ana hofu tu, na hofu yake ina sababu.

"Kamwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi sibebi maneno hayo."

Alimwambia. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba Mpishi alinipigia simu kunialika, na mwisho wa maongezi akasema, "Tumemchukua mpishi wa Dar. Anasifika." Halafu akasema, "Vijana wa siku hizi wanapenda biriani." Nikasema ndiyo, wanapenda.

Nilikwenda arusini nimevaa dera jipya na mtandio. Sikuwa nimemwona Mpishi tangu Idi, na kumbe alikuwa amepungua, kanzu inamning'inia mabegani. Alikuwa mlangoni akipokea wageni, kila mtu kwa mikono miwili. Nyuma ya nyumba moshi wa yule mpishi wa Dar unapanda, na nilimwona Mpishi kila mara akigeuza uso upande ule, halafu akijirudisha. Nilimwamkia. Aliitika kwa sauti ya furaha, ya kweli. Nimesimama naye hapo, ndipo mkwe wake wa Pangani, baba wa bwana arusi, alipotoka ndani akijipepea.

"Nasikia mwenzangu wewe ni mpishi wa siku nyingi," mkwe akasema, mtu mwenye bashasha, hana neno. "Mjini hapa kila ninayemuuliza anakuita Mpishi. Ulikuwa unapika wapi?"

Rukia hakuwepo. Hapakuwa na wa kumziba mdomo.

"Mbegani," Mpishi akasema. "Pale chuoni. Nikiwapikia wanafunzi wa uvuvi wali na samaki."

"Mashallah. Kazi ya heri hiyo." Mkwe akanigeukia. "Na mama huyu?"

Mpishi alinitazama.

"Jirani yetu," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Jirani."

Ndoa ikafungwa, tukala. Biriani ilikuwa nzuri, sina sababu ya kusema uongo. Wanawake waliniuliza natoka mtaa gani, nikawatajia mtaa wa Mpishi, basi nikawa nimeshaingia na mimi kwenye uongo ule. Alasiri nikaaga. Mpishi akanisindikiza hadi barabarani kama alivyokuwa akimsindikiza kila mtu, tukatembea polepole kwa sababu ya miguu yake. Tulipofika kwenye lami akaniita.

"Vero."

"Bee."

"Nimesema jirani."

"Nimesikia."

"Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Vile vile, Mpishi. Mtoto ni mtoto."

Akatikisa kichwa. "Mimi ukweli nilishausema mara moja. Unajua ulinigharimu nini. Leo ungemgharimu yeye."

Nilitaka kumwambia hakufanya kosa. Nilitaka pia kumwambia kwamba nimeumia, kwamba miaka yote ile nimetafuna kwa niaba yake na leo sina jina. Yote mawili yalikuwa kweli na sikuweza kusema moja bila la pili. Mtu mmoja akaja mbio kutoka nyumbani, akamwambia bibi arusi anaondoka, baba yake anatafutwa atoe dua.

"Nenda," nikamwambia. "Wanakungoja."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wale wageni wengine, akageuka, akaenda. Nilisimama pale kungoja bajaji. Nilikuwa na hasira, na kila niliyetaka kumkasirikia nilimwona ana haki.